Disiki Muzee ya Itebero

Itebero, tarehe 7 Machi 2022

Kwa Dada Verdiane Uwitonze, fundi wa ordinatere, Nyabiondo, Masisi

Dada,

Bwana asifiwe. Hunijui na mimi sikujui, lakini Mama Laetitia, mwalimu wa Walikale, ametuunganisha. Ananiambia kama ulichukua ordinatere ya shule yao, kompyuta ile ya meza, iliyokuwa inachoka kama muzee anayepanda mulima, ukaweka ndani yake disiki ya namna mupya, na sasa inakimbia.

Mimi ni Floribert Akilimali, sekretere wa ofisi ndogo hapa Itebero. Niko na miaka hamsini na ine. Ordinatere yetu tulipewa na wageni mwaka wa 2013, na umeme yake inatoka ku pano za jua za parokia. Asubuhi naiwasha, naenda kumenya muhogo, naosha mikono, narudi, na bado inawaza. Tangu Noeli imeanza kulia ndani: ka, ka, ka, kama muntu anayegonga mulango na anajua hatutafungua. Siku mbili ilikataa kabisa.

Swali langu ni hili: disiki ya namna ile inaweza kuingia mu mashini ya zamani kama yetu? Na mimi naweza kuiingiza, ao ni lazima wewe ufike? Telefone usijaribu. Rezo inapatikana tu ku kilima, saa mbili za miguu, na ukifika pale mvua inakufukuza. Tuma barua kwa motari Thierry, wa pikipiki, anayetembea kati ya Masisi na Walikale. Kutoka Walikale kuko wengine wanaofika hapa.

Ndani ya mashini hakuna kitu kikubwa. Ni barua tu, na programu za ibada.

Natuma bidoni ya asali ya pori. Ukiona haitoshi kwa kazi hii, sema.

Wako katika kazi,
Floribert Akilimali


Nyabiondo, 16 Machi 2022

Papa Floribert,

Asali imefika, na bidoni ilikuwa bado imejaa. Basi Thierry ni muaminifu kweli.

Jibu ni ndiyo, inaingia. Mashini ya 2013 haijazeeka, ni magoti tu yanauma. Mu disiki yenu kuko sahani inazunguka, na kakidole kanasoma juu yake. Ile "ka, ka" ni kakidole kanatafuta fasi yake na kanakosa. Disiki mupya haina kitu cha kuzunguka. Hailie, haiogope kutikiswa, njo maana naiweka ku pikipiki ya Thierry bila wasiwasi.

Mimi sitafika. Niko na mashini tatu za kituo cha afya zinaningojea, na tope ya barabara unaijua kuliko mimi. Lakini haina lazima nifike. Wewe uko na mikono. Nimekwisha kuweka sistemi ndani ya disiki, nimeijaribu hapa mara mbili.

Zima mashini, chomoa kamba ya umeme, kisha finya buto ya kuwasha mara moja ili umeme iliyobaki itoke. Lalisha sanduku. Ubavu unafunguka na visi mbili za nyuma, misumari ya kuzungusha, utumie turnavisi ya musalaba. Mbele ya kugusa kitu ndani, gusa kwanza chuma ya sanduku na mukono mutupu, umeme ya mwili wako iende kule, isiende mu disiki. Utaona disiki muzee, chuma nzito, ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Kabli mbili zinaikamata: moja nyembamba inatoka ku karte kubwa, kile kibao kipana cha ndani, ingine inatoka ku kisanduku cha umeme. Midomo yao iko na kona kama herufi L, haziwezi kuingia vibaya isipokuwa umetumia nguvu. Usitumie nguvu. Zichomoe, toa muzee, uzivike mupya. Basi, imeisha.

Ukiwasha na mashini inasema haione disiki, usiogope. Zima, sukuma kabli tena. Mara kenda katika kumi ni kabli.

Disiki muzee unirudishie na Thierry. Nitatoa ndani visi na sumaku, zinanisaidia mu kazi.

Utaweza. Sisemi vile kwa kukutia moyo. Nasema juu kazi yenyewe ni nyepesi.

Verdiane U.


Itebero, 28 Machi 2022

Dada Verdiane,

Inakimbia! Niliiwasha na kuanza kusali Baba Yetu. Sijafika ku mukate wa kila siku, ekrani imekwisha kufunguka. Nilizima, nikawasha tena, kwa furaha tu, mara tatu.

Fasi ya disiki mu sanduku ni kubwa kwa hii kadogo. Ilikuwa inacheza kama muguu wa mutoto mu kiatu cha baba yake. Nilikata mupira wa ndani wa gurudumu la kinga, baiskeli yangu, nikaifunga nao. Mara ya kwanza haikuonekana, halafu nikakumbuka neno lako. Nilisukuma kabli, ikasema tak, ikakubali. Ila saa ya mashini inaniambia leo ni tarehe moja Januari 2009.

Kuhusu disiki muzee, unisamehe, imepotea. Niliiweka ku dirisha na kesho yake haikuwa pale. Nafikiri ni panya.

Kuko na swali moja, ya kujifunza tu. Kama muntu, si mimi, anataka kuona vitu vilivyokuwa mu disiki ya zamani, anafanya namna gani?

Komite wanakusalimia.

Floribert


Nyabiondo, 5 Aprili 2022

Papa Floribert,

Saa: ku karte kubwa kuko pile, betri kadogo ka duara sawa kifungo cha koti. Imekufa. Natuma ingine. Mupira wa kinga: muzuri kabisa. Nilisahau kutuma kibao chake cha kuikamata, lakini disiki ile haitetemeke, mupira unatosha.

Sasa panya. Panya wa Itebero ni wa namna gani? Disiki ile inapita nusu kilo na hainuke samaki.

Nitasema wazi, juu wewe ni baba na mimi napenda wazi. Unaogopa nitafanya nini na disiki yenu? Kama ni sababu ya jina langu, haitakuwa mara ya kwanza. Kuko watu wanaleta telefone, wanasikia Uwitonze, wanasema huyu si wa kwetu, wanakumbuka ghafula kama wako na safari. Wanaenda kwa fundi mwingine, kisha wanarudi, juu yule mwingine ameharibu. Lakini wewe jina langu ulilijua tangu siku ya kwanza, uliliandika ku bahasha na mukono wako. Njo maana imeniuma.

Na umeandika "komite wanakusalimia". Ofisi ndogo ya barua na ibada iko na komite ya nini?

Yule muntu ambaye si wewe, umwambie hivi: asiunge tena disiki ile ku mashini. Disiki inayogonga iko na hesabu yake ya kuwashwa, na hakuna muntu anajua kama imebaki kumi ao moja. Ailaze. Aniambie kwanza kuko nini ndani. Mbele ya pale sitaongeza neno.

Verdiane


Itebero, Jumapili ya Pasaka, 17 Aprili 2022

Dada Verdiane,

Yule muntu ni mimi. Wewe ulikwisha kujua.

Hakuna ofisi ndogo. Mimi ni sekretere wa komite ya pori. Tangu zamani pori hii ni yetu kwa mudomo: babu alimuonyesha baba, baba akanionyesha mimi, muto huu ni wetu, ng'ambo ni ya wale. Lakini serikali inasikia karatasi. Sheria inaruhusu kijiji kuomba pori yake iandikwe kwa jina la kijiji, na ukiomba ni lazima ulete ramani. Basi mwaka jana tulitembea mipaka yote, siku makumi ine na moja. Papa Albert, muwindaji, alitangulia. Mama Olga, anayejua makaburi yote na fasi ambazo wazee walikuwa wanafanyia desturi zao, alibeba kitabu cha kuandika. Mimi nilibeba jipiesi ya kuazima, kamashini kanakosema uko fasi gani. Kila muto, kila jiwe, kila fasi nyama wanakuja kulamba udongo, tulitia alama na namba. Siku ya makumi tatu Papa Albert alivunjika muguu. Tulimubeba ku kitanda cha miti, na pale juu aliendelea kutuonyesha njia na mukono.

Jipiesi ilirudi kwa wenyewe na wakaifuta. Kitabu cha Mama Olga kiko na majina na namba tu, mipaka yenyewe hakionyeshe. Ramani iko fasi moja tu mu dunia, mu disiki ile. Dosye, zile karatasi za maombi, ni lazima ifike ku ofisi ya serikali ya teritware, Walikale, mbele ya tarehe 31 Mei. Kuko tajiri mumoja wa mbao anayetaka kipande cha pori ile ile, na karatasi zake ziko tayari.

Tuliapa mu komite kwamba muntu wa inje hataiona ramani. Njo maana nilikuandikia barua na ibada. Ulipoomba disiki, niliificha siku ile ile.

Na ngoja nimalize yote, kwa kuwa leo ni Pasaka. Komite niliwaambia "fundi wa Nyabiondo", jina lako nikalificha. Siku ile mashini ilifunguka haraka, wote walipiga mikono. Kisha Mama Olga akauliza, "Ramani iko wapi?" Ekrani ilikuwa tupu kama sahani iliyooshwa. Aliona bahasha yako ku meza, akasoma jina. Akasema, "Mumeona? Pori imeenda Masisi, kwa watu wa ng'ombe." Nilimuonyesha disiki muzee, nikamwambia bado iko hapa. Hajaniamini kabisa.

Mbele ya barua yako kufika nilikuwa nimekwisha kuiunga mara mbili. Mara ya kwanza niliona ramani kwa macho yangu. Mara ya pili ekrani iliganda. Sasa inalala mu kitambaa, ndani ya sanduku la Biblia.

Unisamehe. Na utusaidie.

Floribert Akilimali


Nyabiondo, 25 Aprili 2022

Papa Floribert,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimeisoma nimekaa. Na mimi niko na kitu cha kuungama. Sikutaka visi. Visi niko nazo kopo nzima.

Miaka sita imepita, mwalimu mumoja wa hapa aliniletea mashini yake. Nilimuuliza, kuko kitu ndani? Akasema hakuna kitu. Nilifuta disiki, nikaweka sistemi mupya, nikajisifu. Kesho yake alirudi, akaniuliza na sauti ya chini kama wimbo wa mutoto wake bado uko. Mutoto alikufa na miaka tano. Baba yake alikuwa amemurekodi anaimba, na alisahau kama ni mu mashini ile. Hakunikasirikia. Alikaa tu ku mulango wangu mupaka mvua ilikwisha, akaenda. Toka siku ile, muntu akiniambia hakuna kitu, naomba disiki muzee na uongo mudogo, visi, sumaku, halafu naitazama mwenyewe mbele ya kutupwa. Kila mara wanasema hakuna kitu. Kila mara kinakuwepo.

Kuhusu watu wa ng'ombe, ni kweli. Baba yangu Kanyamibwa iko na ng'ombe ine na anauza maziwa ku barabara. Umwambie Mama Olga kama ng'ombe wa baba wanakataa hata majani yaliyokaa mu kivuli. Mu pori yenu watakula nini, miti?

Sasa kazi. Natuma kabli ya pili. Disiki mupya inabaki fasi yake. Muzee usimuingize mu sanduku: umulaze juu ya ubao kavu, pembeni, mashini ikiwa imezimwa, halafu uunge. Ikianza kuzunguka, muntu asiguse meza. Mufanye saa sita ya mchana, jua ikiwa na nguvu na pano za parokia zinatoa umeme vizuri. Umeme ikikatika katikati, tumekosa.

Mashini itaamka na disiki mupya. Itakuuliza kama itengeneze muzee: jibu Hapana. Itakuuliza kama iifomate, maana yake kufuta yote: Hapana mara kumi. Kisha ukamate ramani, uinakili mu disiki mupya, hiyo peke yake. Picha na barua zingojee. Usifungue ramani mu disiki muzee eti uangalie kwanza kama iko muzima. Kila kuangalia ni hatua, na muzee amebaki na hatua chache. Ikiganda, usizime, usitikise. Ngojeni robo saa. Inatafuta.

Nakuambia itatoka. Disiki iliyokufa haifunguke hata mara moja, na hii ilikufungukia.

Usome barua hii mbele ya komite nzima, na jina langu juu yake.

Verdiane Uwitonze, binti Kanyamibwa


Itebero, 3 Mei 2022

Kwako Verdiane,

Ni miye Olga naandika. Floribert alisoma barua yako mbele ya komite, mara mbili. Kulikuwa kelele. Albert alisema tufanye. Wengine walisema disiki ipelekwe Goma kwa fundi mukubwa. Floribert alilia, hiyo haikusaidia kitu. Miye nilisimama, nikakamata disiki, nikaenda nayo kwangu. Iko chini ya kitanda changu na hakuna muntu ataitoa pale bila miye.

Habari ya ule mutoto ilinigusa, sitakuficha. Lakini hata muongo anajua kuliza watu. Nakuuliza maneno tatu, ujibu na kalamu yako. Ramani ikipona, wewe utaiona? Ikiharibika, nani ataulizwa? Na wewe unapata nini? Asali peke yake haitoshe kwa kazi ya namna hii.

Nilitembea siku makumi ine na moja na miguu yangu. Bwana yangu alizikwa mu pori ile, alama ya mia mbili na kumi na ine. Niliandika namba yake mwenyewe.

Olga


Nyabiondo, 10 Mei 2022

Mama Olga,

Nakusalimia na heshima. Najibu kama ulivyouliza.

Ramani ikipona, sitaiona. Disiki haitoke Itebero, mashini haitoke Itebero, na mimi niko Nyabiondo. Goma kuko mafundi wazuri, lakini ni siku nyingi za kutikiswa, na kwa disiki muzee kila shimo ya barabara ni nyundo. Ikiharibika, niulizwe mimi. Njia ni yangu. Uweke barua hii, iko na saini. Nafaidika nini? Asali, na kulala vizuri. Najua kulala vizuri haionekane kama faida, mupaka siku umeikosa miezi mingi kama mimi.

Lakini siombe uniamini. Naomba kitu kingine. Kazi uifanye wewe. Floribert akae ku kiti cha nyuma, asome barua zangu kwa sauti, basi. Suri, kile kidude cha kusogeza mushale, kishikwe na wewe. Muntu aliyeandika alama za siku makumi ine na moja bila kuruka hata moja hana haraka, na kazi hii inataka muntu asiye na haraka. Floribert iko na aibu, na aibu inafinya buto mubaya.

Ujifunze suri kwanza ku mashini, disiki ikiwa bado mu kitambaa. Asubuhi moja inatosha.

Bado siku makumi mbili na moja. Usimungojee muntu.

Verdiane


Walikale, 23 Mei 2022

Dada Verdiane,

Naandika kutoka nyumba ya Mama Laetitia. Muhuri wa teritware bado ni mubichi ku karatasi. Dosye imeingia, na ramani iko ndani. Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Barua yako ilifika tarehe 17. Mama Olga aliisoma peke yake inje, akaikunja, akaingia. "Kesho," alisema. "Saa sita."

Kesho yake alifika alfajiri na disiki kifuani, imefungwa mu kitenge. Alikuwa hajagusa suri hata siku moja. Asubuhi yote alifungua na kufunga kitu kimoja ku ekrani, anafungua, anafunga, mupaka mushale uliacha kuruka. Papa Albert alifika na fimbo yake. Saa sita jua ilikuwa wazi. Tulilaza muzee ku ubao, tukaunga, tukawasha.

Ka. Ka. Ka.

Dirisha la kwanza likatokea. "Inauliza nini?" akasema.

"Inataka kuitengeneza."

"Hapana," akaiambia mashini, kisha akafinya Hapana. Dirisha la pili lilileta maneno ya fomate. Lile alilifinya hata sijamaliza kusoma.

Ramani ikaonekana mu orodha. Aliikamata na mushale, akaivuta pole pole kama muntu anayevuka na yai, akaiachia mu disiki mupya. Kamustari ka kijani kakaanza kujaa. Kumi kwa mia. Makumi tatu. Ku makumi sita na moja kakasimama. Kugonga nako kukasimama, na kimya ile ilikuwa mubaya kuliko kugonga.

Papa Albert alinyanyuka. "Muipige kidogo," akasema. "Redio yangu naipigaga."

Mama Olga hakugeuka. "Karibia hii meza, nitavunja ule muguu mwingine."

Alitoa mukono ku suri, akaweka yote miwili ku magoti. "Floribert, fundi alisema robo saa. Imebaki dakika ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Tungoje."

Dada, nimengoja watoto wangu kuzaliwa, nimengoja vita ipite, lakini sijui kama nimekwisha kungoja namna ile. Nilitaka kusimama, nilitaka kuchomoa, kusukuma, kufanya kitu chochote. Nilitazama mikono ya Mama Olga. Haikutikisika. Niliposoma saa na kumwambia zimebaki ine, disiki iligonga mara moja, kama muntu anayetoa kitu mu koo, na kamustari kakatembea. Kakajaa. Hakuna muntu aliyepiga kelele. Tuliogopa kuishtusha.

Tulizima, tukachomoa muzee, tukawasha na mupya peke yake, na mule tukafungua ramani. Papa Albert aliweka kidole ku ekrani na kuanza kutembea tena: hapa tulilala, hapa asali, hapa nilianguka. Mama Olga aliomba alama ya mia mbili na kumi na ine. Nilimuonyesha. Ni kanukta tu, kadogo, karibu na muto. Alikatazama muda murefu, akatoka inje, kisha akarudi. "Sasa picha na barua," akasema.

Tuliunga muzee tena, lakini hizo hazikutoka. Muzee alisema ka moja, akanyamaza, na tangu pale hazunguki tena. Programu zote za ibada zimeenda. Nitaziandika upya, nazijua kwa moyo.

Nilisimama mbele ya komite nikaomba musamaha kwa kuficha jina lako kwao na kuficha ramani kwako. Papa Albert alisema yamekwisha. Mama Olga alisema hayajakwisha, kuficha kwangu kulikula miezi miwili na nusura kumeze pori, na kwamba toka leo barua ya komite itasomwa na watu wawili mbele ya kutumwa. Hii ya leo Mama Laetitia ameisoma.

Karani wa ofisi alitazama ramani, akauliza ni ofisi gani ya Goma ilitufanyia. Nilimujibu: ni sisi, na fundi wetu wa Nyabiondo, jina lake Verdiane Uwitonze. Nilimutajia herufi moja moja, akaandika.

Wako,
Floribert Akilimali


Itebero, 4 Juni 2022

Verdiane, binti Kanyamibwa,

Naandika kifupi, Thierry analala Walikale leo na kesho asubuhi anapanda kwenu.

Mu hii barua kuko kitambaa nimeshona na mukono. Usikate na kisu, fumua uzi. Ndani kuko kle, kale kadude ka kuchomeka ku mashini na kubeba vitu vyake, na mu kle kuko ramani ya pori yetu, yote, na makaburi. Niliinakili mwenyewe. Sasa najua.

Komite ilikaa jana. Nilisema hapa vita inaweza kupita, moto unaweza kupita, na ofisi ya Walikale nayo ni mbao na bati. Ramani ilale pia fasi ingine, mbali. Mumoja akasema Goma, mwingine Bukavu. Nikauliza, kule munajua nani? Nikasema jina lako. Kuko waliokohoa. Nikasema kama muko na jina lingine, mulitoe. Hawakuwa nalo. Kile kiapo tulikifungua mbele ya Mungu na mbele ya wazee, kwa muntu mumoja tu.

Ulisema ramani hautaiona. Miye nasema uione, uijue, juu siku moja mutoto ao mujukuu wa hapa anaweza kufika ku mulango wako na miguu ya kuvimba, kuuliza kwao iko wapi. Umuonyeshe. Umupe na maziwa.

Albert anauliza kama kwako kuko fasi kavu ya kuiweka. Nilimwambia fundi haulizwe vile. Lakini ujibu tu, asilale na wasiwasi.

Mama yako,
Olga